Alasiri Tuliyosali Bweni

Jamaa zangu wa baraza la Kuze hapa Mombasa, mnaniuliza kwa zamu. Mmoja aniuliza dukani nikiwa na uzi mdomoni, mwingine aniuliza msikitini hata sijavaa viatu, na kila mmoja nampa kipande chake. Sasa nasikia vipande vimeunganishwa vibaya, ati nilipigwa na watu msikitini huko Tanzania. Hakuna aliyenipiga. Kaeni niwape yote, kutoka Tanga mjini mpaka ng'ambo ya mto Pangani, na anayejua mwisho asiwaharibie wenziwe.

Jambo lililotupeleka mnalijua nusu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahamisi, anakaa Bweni, kijiji kinachotazamana na mji wa Pangani, mto ukiwa katikati. Mpwa aliyekuwa akiishi naye ameolewa Mkwaja, na bibi wa watu amebaki peke yake. Mke wangu Zuhura ndiye mwanawe wa pekee aliye hai. Mimi niliona jawabu rahisi: twende tukamchukue, tuje naye Mombasa, chumba cha mwanetu Swaleh ki wazi tangu mwenyewe ahamie Malindi. Zuhura hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema, "Twende. Lakini safari hii, Baba Swaleh, tusipite kama mizigo. Tuitembee siku moja nzima, uone misikiti ya kale na makaburi na mji wenyewe. Wewe kwetu hujapaona. Ulioa tu."

Nikakubali. Ila Zuhura akinyamaza kwenye jambo kubwa mimi hukosa usingizi, na juu ya mama yake alikuwa amenyamaza tangu nyumbani. Sikujua kama tutarudi watatu, au wawili, au vipi. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyetalii kwa jicho moja, jicho la pili likimtazama mkewe.

Tanga mjini: chai kwanza

Tulilala Tanga ili asubuhi tuanze mapema. Mapema! Dereva tuliyemkodi, kijana wa Kibondei jina lake Mhina, alifika akanishika mkono kwa adabu zote: "Shikamoo mzee." Nikageuka nyuma kumtafuta mzee. Zuhura akanikanyaga mguu. "Marahaba," nikasema, na kwa mwendo ule mpaka jioni niliitikia marahaba za kutosha kunizeesha. Wenyeji wa Tanga hawakuulizi habari kabla ya kukupa shikamoo yako, na ukishaipokea huwezi tena kupiga kelele barabarani ovyo.

Nilitaka tuondoke. Mhina alitaka chai. "Mzee, njia ya Pangani haiendwi na tumbo tupu," akasema, na Zuhura akaunga mkono. Tukakaa kwa mama mmoja mwenye sufuria tatu, tukaletewa maharage ya nazi na maandazi, nami nikauliza kwa nini hayana iliki. Yule mama akanitazama kwa huruma. "Baba katoka Mombasa eeh? Basi kunywa chai, iliki imo humo." Watu wote wakacheka, Zuhura zaidi yao. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu simu ile ya harusi ya Mkwaja.

Wakati wa kupakia nikanyanyua begi lake, bega likataka kunitoka. "Umetia nini humu, mawe?"

"Zawadi za mama," akasema, akapanda gari.

Zawadi gani za siku moja zina uzito ule? Sikuuliza. Nilijua nikiuliza atanijibu, na sikuwa tayari kwa jibu.

Tongoni: msikiti usio na paa

Hatukwenda mbali, tukasimamishwa. Barabara inatengenezwa, na mwenye bendera nyekundu alitushusha moyo kwa kuitandika bendera yake chini na kuikalia. Katapila lilikuwa likisukuma kifusi mbele yetu. Mhina akazima gari, akashuka kununua jogoo kwa mtu aliyekuwa akipita na baiskeli. Jogoo akafungwa miguu, akawekwa nyuma yangu, na kila nilipotazama saa alinidonoa bega. Nikamwambia Mhina kwamba nimekodi gari, sikukodi banda. Akasema, "Mzee, huyu ni wa mama yangu, hana ubaya na mtu."

Magofu ya Tongoni yako kando ya bahari, chini ya miti. Msikiti umebaki kuta na kibla anaposimama imamu, paa hakuna, na pembeni makaburi ya nguzo yamesimama, mengine yameanguka. Kwenye nguzo kuna vishimo vya mviringo. Zuhura akanieleza kwamba zamani vilijengewa mabakuli ya kaure kutoka mbali, wenye tamaa wakayang'oa. Kwenye kaburi moja mtu alikuwa ameacha chupa ya marashi na kitambaa cheupe, ana haja yake na Mola wake.

Mimi nikapiga picha mbili tatu, nikasema haya, tumeona, twende. Nikageuka, Zuhura hayupo. Nikamkuta ndani ya ule msikiti, amevua viatu, anasali sunna ya kuuamkia msikiti. Jua linampiga, kenge anapita ukutani, yeye ametulia tuli. Alipomaliza nikamwambia, "Mama Swaleh, hapa pamekufa siku nyingi."

"Kibla kipo," akasema. "Kilichoondoka ni paa tu. Watu wakiondoka wote, hata nyumba nzima hugeuka hivi. Wewe huoni huruma?"

Nikasema naona. Kwa kweli nilichokuwa nikikiona ni saa. Pantoni ya kuvukia mto Pangani ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu, na hoja zangu za kumshawishi mama mkwe, ambazo nilikuwa nimezipanga vizuri tangu Mombasa: daktari yuko karibu, maji yako ndani, wajukuu watakuja Idi. Nilitaka nizitoe haraka zisije zikachacha.

Adhuhuri iliyokatika

Sasa tumefika kwenye kile mnachokisubiri.

Adhana ya adhuhuri ilitukuta kijiji kimoja mbele ya Tongoni, jina silitaji, maana wale watu ni wema na nimewasumbua vya kutosha. Zuhura akakaribishwa nyumba ya jirani asali na wanawake. Mimi nikaingia msikitini. Mjue nilikuwa nimevaa kanzu niliyoidarizi mwenyewe, ile ya shingo ya kazi nyingi, na ndevu zangu mnazijua. Waliponiona tu, imamu wao, mtu mwenye mafua yaliyomziba sauti, akanishika mkono: "Shehe mgeni, tusalishe."

Nikasema mimi si shehe, ni fundi wa kanzu. Wakaona ni unyenyekevu. Nikasukumwa mpaka mbele.

Nyinyi mmesoma. Msafiri hupunguza, adhuhuri yake rakaa mbili. Akiwasalisha wenyeji, akishatoa salamu huwaambia watimize zao nne. Kulisema ni kabla au baada, lakini lazima lisemwe, ili watu wajue. Mimi nikatia nia ya mbili, nikasahau kusema. Roho yangu ilikuwa kwenye begi zito. Tahiyatu ya rakaa ya pili nikageuza shingo: asalaam aleykum warahmatullah.

"Subhanallah!" mtu akasema nyuma yangu, kunikumbusha kama akumbushwavyo imamu aliyekosea. "Subhanallah!" wa pili. Mimi nikaduwaa. Badala ya kusema timizeni, nikafikiri labda nimesali moja. Wallahi nilikuwa sijui. Nikageuka. Nusu ya safu imesimama inaendelea, wengine wametoa salamu pamoja nami, na mzee mmoja mwenye kikoi cha kijani anauliza kwa sauti, "Huyu kasahau au ndivyo wanavyosali Mombasa?"

"Mimi ni msafiri!" nikasema.

"Ungesema, bwana!"

"Nasema sasa!"

"Sasa tumeshazungumza!" akajibu, na kweli walikuwa wameshazungumza, sala za wale waliotoa salamu zimekwenda. Basi ikabidi sala ikimiwe upya kwa walioharibikiwa. Imamu akasogea mbele na mafua yake, akasalisha kwa sauti ya chura, na mimi nikajipanga nyuma kabisa karibu na viatu kutafuta stara. Na kwa kuwa msafiri akimfuata mwenyeji hutimiza, nikasali nne. Yule mzee wa kikoi kijani alinipa mkono tulipomaliza, akasema, "Tumekusamehe. Kanzu yako nzuri lakini." Wakanipa dafu. Hiyo ndiyo fujo yote, hakuna ngumi.

Garini nilikuwa sitamaniki. Zuhura alishapata habari yote kule kwa wanawake hata kabla sijatoka msikitini, na alicheka mpaka machozi yakamchuruzika. Mhina akauliza sheria yenyewe ikoje, kwani yeye ni Mkristo na kanisani kwao, alisema, padri akisahau kwaya humfunika kwa wimbo. Nikamweleza: msafiri akimfuata mwenyeji hutimiza, vinginevyo husali mbili pale penye nne, mpaka arudi kwake, au afike mahali atie nia ya kukaa. Hapo safari imekwisha, anatimiza.

Zuhura akaacha kucheka. "Na aliyezaliwa huko anakokwenda?"

"Kwa nilivyosomeshwa, akiwa ameshahama, ana kwake pengine, na anapita tu, ni msafiri. Nia yake ndiyo inayoamua."

"Nia yake," akasema, akatazama minazi. Aliitazama mpaka Pangani, na jogoo akarudi kunidonoa bega.

Pangani: lori la nazi

Tulifika Pangani, pantoni imelala ng'ambo. Lori lililojaa nazi lilikuwa limekwama pale linapopakiwa, gurudumu moja kwenye chuma na moja kwenye tope, na watu wamelizunguka kila mmoja na shauri lake. Tukawaona kwa mbali wakiteremsha nazi moja moja. Nikauliza mtu, itachukua muda gani? "Wataziteremsha," akasema. Nikauliza, halafu? "Halafu watazipakia."

Nilitembea pale ukingoni nikarudi, nikatembea nikarudi. Zuhura akanishika kanzu. "Njoo uone mji, hilo lori halikungoji wewe." Akanipitisha vichochoro vya Pangani, milango ya kuchongwa iliyoliwa na chumvi, msikiti aliosomea juzuu akiwa mdogo, ukuta aliouangukia akang'oka jino. Alizungumza upesi upesi, kila kona akisema hapa na pale, na akinitazama usoni baada ya kila jambo. Nilijibu naam, naam. Masikio yangu yalikuwa mtoni.

Tuliporudi kivukoni tukanunua mihogo na pweza wa nazi kwa mwanamke aliyekuwa ameketi na chungu chake. Alipoinua macho akaachia upawa. "Zuhura! Zuhura wa Bi Mwanahamisi! Umerudi?"

Walikumbatiana. Ni Mwanaidi, walicheza pamoja utotoni, na anakaa Bweni nyumba ya pili kutoka kwa mama mkwe. Walipomaliza kulia na kucheka, Mwanaidi akanipakulia pweza, akamgeukia Zuhura na kushusha sauti, lakini si kwa kiasi cha kutosha.

"Mimi nduguyo, nikwambie kweli. Mama yako siku hizi halifungi komeo usiku. Nimemgombeza. Anasema, 'Nikifa usingizini, mtavunja mlango wa marehemu mume wangu? Mlango wenyewe mzuri.' Analala mlango wazi, Zuhura. Mimi ndiye naamka kwenda kumchungulia."

Zuhura alishika ukindu wa mkeka aliokalia Mwanaidi akawa anauchambua. Pweza alikuwa mtamu lakini sikummaliza. Hoja zangu zote nikazirudia moyoni, na zote zilianza na neno mama aje.

Bweni: alasiri

Lori likatoka hatimaye, tukavuka. Mhina alibaki na gari upande wa Pangani, akanionya kwamba jioni tusichelewe. Kutoka kivukoni Bweni tukachukua bodaboda mbili, begi zito nikalipakata mimi.

Bi Mwanahamisi alitupokea kwa vigelegele vya mtu mmoja. Amekuwa mdogo, jamani. Nilimwamkia, akaniita baba, akaniita mwanangu, akaniketisha uani kwenye kivuli, akaleta wali na mchuzi wa kamba aliopika tangu asubuhi. Nikautazama mlango. Ni mzito, wa mninga, na komeo lenyewe lilikuwa limeng'olewa, limetundikwa msumarini ukutani. Hata akitaka kulifunga asingeweza.

Nikatoa hoja zangu. Daktari, maji, wajukuu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Baba Swaleh, Mungu akuzidishie. Mimi kwenu nilikuja mwaka ule, hukumbuki? Nilikuwa mgeni hata chooni. Kila nikikohoa mnaamka. Baba yake Zuhura kalala hapo nyuma, majani ya juu yake nayafyeka mwenyewe. Niache, mwanangu. Siumwi. Nimebaki peke yangu tu."

Hapo adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Kwenda msikitini sikutaka kabisa, nilihisi habari zangu zimeshavuka mto kabla yangu. Zuhura akatandika mikeka uani, mama akawekewa kiti kwani magoti hayakunjiki tena. Nikasimama mbele. Safari hii nilijifunza, nikageuka kabla nikasema kwa sauti: "Mimi msafiri, nasali mbili. Wenyeji watimize nne." Nilimkusudia mama mkwe.

Nikasali mbili, nikatoa salamu kulia, nikatoa kushoto. Nyuma nikasikia mama akianza rakaa ya tatu kwenye kiti chake, na nikasikia mkeka ukilia, mtu anasimama. Nikageuka. Zuhura amesimama, mikono kifuani, ameendelea.

Nikafungua mdomo kusema subhanallah, kumkumbusha. Nikaufumba. Huyu alinisikia garini, akauliza yeye mwenyewe. Zuhura hakukosea chochote.

Nilikaa pale pale, nimegeuka, nikamtazama mke wangu akisali rakaa ya tatu, akisali ya nne. Sijawahi kuona rakaa ndefu kama zile. Nilitamani akosee kweli, asujudu sijida ya kusahau, ashtuke acheke. Alisali vizuri sana. Alipotoa salamu, macho yetu yakakutana.

"Umenielewa, Baba Swaleh?"

"Nimekuelewa."

"Nilitaka kukwambia tangu Mombasa. Sikupata pa kuanzia."

Mama mkwe akajifanya kutafuta tasbihi yake, akaingia ndani. Mimi hasira zikanipanda. Nilimwambia Zuhura kwamba begi lile la nguo zake ningeliacha Tanga kama ningejua. Nilimwambia mtu humwambia mumewe kwa mdomo, hamwambii kwa rakaa. Nikamwambia, na hili ndilo lililokuwa likiniuma, "Na mimi je? Baada ya miaka yote hii unanizungusha siku nzima kwenye magofu halafu unaniacha?"

Hakunipandishia sauti. "Nani kakuacha? Kutwa nzima nakuonyesha. Hapa chai, hapa msikiti, hapa niliposomea, huyu Mwanaidi. Kwani wewe ulidhani tunatalii?"

Simu ikalia, ni Mhina, pantoni ya mwisho inakaribia na jogoo wake ana kiu. Nikalichukua lile komeo ukutani, nikaomba nyundo, nikalipigilia mahali pake kwa misumari ileile ya zamani. Zuhura alinishikia taa ya simu kwa kuwa pembeni pale pana giza. Nikalijaribu, likafunga. Nikaaga.

Kuze

Basi nilirudi mmoja. Mhina alizima redio, na jogoo akahamishiwa kiti alichokalia Zuhura.

Tangu nirudi situlii. Nyumba ina vyumba vingi kupita kiasi. Nanunua mahamri ya watu wawili kwa mazoea. Usiku Zuhura hunipigia, tunasemeshana kama vijana, na huniambia kwamba komeo linafungwa kila usiku kutoka ndani, mama analalamika ati siku hizi anafungiwa kama kuku. Ameniambia pia kwamba wazee wa Bweni wameshanisikia, wanauliza yule imamu wa rakaa mbili anakuja lini, wana kanzu za kushonesha kabla ya Maulidi.

Mlipita dukani mkaona cherehani imefungwa kamba, mkaanza maneno, ati nimeshindwa kodi. Sikushindwa. Funguo nimempa mwenye nyumba, vitambaa vilivyobaki nimevigawa, na yeyote mwenye kanzu yake kwangu aifuate kabla ya Jumamosi. Nitawakosa, hilo nasema bila haya, hasa kahawa ya magharibi na uongo wenu. Naogopa vilevile. Ni mtu mzima naanza kuuliza njia ya sokoni.

Lakini sheria niliimwaga mwenyewe garini mbele ya Mkristo na jogoo, na kule kijijini niliifanya kwa aibu, nyuma kabisa, karibu na viatu: msafiri akimfuata mwenyeji hutimiza. Nikijaaliwa kuvuka ule mto Jumamosi, alasiri itanikuta uani kwa Bi Mwanahamisi. Sitatangaza kitu. Nitasali nne.